Sumu ya gugu karoti

Swali: Gugu karoti limeng'olewa na kuachwa shambani. Mbona maharage bado yanadumaa?

Jibu: Kwa sababu gugu hilo hudhuru hata likiwa limekufa. Vinyweleo vya majani na maua yake vimejaa kemikali iitwayo pathenini. Mvua huiosha ikaingia udongoni, mizizi nayo hutoa kemikali zake, na majani yanayooza huongeza nyingine. Mbegu za mimea jirani hushindwa kuota, au huota na mizizi mifupi, dhaifu.

Maharage huumia mara mbili. Mizizi yake huishi na bakteria aina ya raizobia, wanaotengeneza vinundu na kunasa naitrojeni ya hewani. Kemikali za gugu karoti huwadhoofisha bakteria hao, vinundu hupungua, na zao hukosa mbolea yake ya bure.

Asili ya gugu hili ni Amerika; Arusha liliripotiwa mwaka 2010. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, kwa hiyo kusubiri ni hasara tupu.

Ling'olewe kabla halijachanua, litolewe shambani. Na tafadhali, vaa glavu: gugu hili huwasha ngozi vibaya.