Deni la Ginsberg: Somo Kuhusu Ufadhili wa Masomo

Mwaka huu nimepewa nafasi ya kuandika somo katika jarida letu, nami nimechagua neno moja tu: ufadhili. Nimelichagua kwa sababu wengi wetu tunalihitaji. Muhula ukifunguliwa majina husomwa gwarideni, na mwenye deni huchukua mkoba akarudi nyumbani. Mimi nimewahi kuchukua wangu.

Kwanza tuangalie maana. Kufadhili ni kumtendea mtu hisani au kumpa msaada. Anayetoa ni mfadhili, anayepokea ni mfadhiliwa, na kile kitendo chema ni fadhila. Ufadhili wa masomo basi ni msaada unaomwezesha mtu kusoma. Hutolewa na serikali, na makanisa na misikiti, na vyuo vikuu. Wakati mwingine msaada huo hupewa jina la mtu aliyekufa, hata la kiongozi wa wanafunzi aliyeuawa, ili jina lake lisipotee.

Mwaka jana niliporudishwa nyumbani, mama alikwenda kwa kikundi chao cha kina mama. Jumapili moja majirani walikusanyika kwetu, wakatoa mia mia na hamsini hamsini. Dada mmoja akaandika majina yote kwenye daftari. Zilipatikana shilingi 6,500. Nilikuwa ninamimina chai nikamsikia mjomba akisema, "Haya, tumetoa. Lakini mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Huyu akituletea D, tutajua tumetupa pesa mtoni." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo kila mtihani ulikuja na yale majina ya daftarini, na usiku sikulala. Kwani nikianguka, nimewaibia?

Jibu nililipata katika somo la Historia, tulipokuwa tukisoma juu ya ubaguzi wa rangi katika Afrika Kusini. Kitabu cha darasani kilimtaja Steve Biko kwa maneno machache tu, nami nikaenda kutafuta zaidi.

Biko alizaliwa tarehe 18 Desemba 1946. Alikulia Ginsberg, mtaa wa Waafrika kando ya mji wa King William's Town, ambao leo unaitwa Qonce. Baba yake alifariki mwaka 1950, mtoto akiwa bado mdogo. Mama yake alifanya kazi katika nyumba za Wazungu, baadaye akawa mpishi katika hospitali ya mji. Kijana alikuwa mwerevu, lakini karo ya shule ya bweni ingetoka wapi? Wakazi wa Ginsberg, ambao wenyewe hawakuwa na kitu, walimchangia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaingia Lovedale, shule yenye sifa kubwa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo niliposhtuka. Hakumaliza hata miezi minne! Kaka yake Khaya, aliyesoma pale pale, alishukiwa kuhusika na siasa zilizopigwa marufuku. Polisi wakawakamata wote wawili. Steve hakupatikana na kosa, lakini shule ilimfukuza hata hivyo. Pesa za majirani zikaenda hivyo. Mjomba wangu angesema nini?

Biko akaendelea katika shule nyingine, Mariannhill, na mwaka 1966 akaanza kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Natal. Mwaka 1967 wanafunzi wa vyuo walifanya mkutano mjini Grahamstown, na wajumbe weusi wakakatazwa kulala katika mabweni ya chuo pamoja na wenzao Wazungu. Baada ya hayo Biko na wenzake wakaunda shirika la wanafunzi weusi, SASO. Lilipozinduliwa mwaka 1969 yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Alifundisha kwamba mtu mweusi aache kujidharau, ajisimamie mwenyewe. Mwaka 1972 chuo kikamwondoa kabla hajawa daktari. Mwaka 1973 serikali ikamfungia katika mji wa kwao, asitoke, asihutubie watu, wala maneno yake yasichapishwe.

Basi mtu huyu aliporudi Ginsberg mikono mitupu, bila digrii, alifanya nini? Pamoja na kazi nyingine, alianzisha mfuko wa elimu wa Ginsberg wa kuwasaidia wanafunzi weusi. Mtaa uliomlipia karo akaulipa kwa kuwalipia watoto wake. Hakungoja kwanza awe tajiri, wala daktari, wala huru.

Mwezi Agosti 1977 alikamatwa katika kizuizi cha barabarani. Akiwa mikononi mwa polisi mjini Port Elizabeth alipigwa hadi akaumia ubongo. Akapakiwa nyuma ya gari, uchi, akasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria. Huko alikufa tarehe 12 Septemba 1977, akiwa na miaka 30. Maelfu ya watu walimzika.

Wenzangu, somo langu ni hili. Aliyetoa mchango hakununua cheti. Kama watu wa Ginsberg walinunua cheti, basi walipunjwa mara mbili. Walichofanya ni kumwonyesha kijana mmoja kwamba maisha yake ni mali ya watu wengi, naye akaelewa. Simaanishi kwamba tusisome, la hasha! Mzembe asijifiche nyuma ya Biko. Nasema tu kwamba deni la ufadhili halilipwi kwa alama peke yake, wala halingoji hadi tupate kazi.

Mimi nimeanza. Daftari lile nimelinakili. Katika majina yake yumo mama mmoja anayeuza samaki, aliyetoa shilingi 50. Mtoto wake yuko gredi ya sita na alikuwa hajui kusoma vizuri. Kila Jumamosi mchana huja kwetu tukasoma pamoja. Juzi alisoma ukurasa mzima bila kusimama. Mjomba alikuwa amekaa mlangoni, akasikiliza hadi mwisho, asiseme neno.

Maswali ya kujadili chamani:
1. Eleza tofauti kati ya mfadhili na mfadhiliwa. Je, mtu mmoja anaweza kuwa yote mawili kwa wakati mmoja?
2. "Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi." Kubali au upinge, ukitumia maisha ya Biko.
3. Nani alichangia ili wewe uwe darasani leo? Andika majina yao.

Swali la tatu msilijibu kwa haraka.