Kupiga Msasa kwa Mashine ya Umeme

Wasomaji wetu wengi waliujua msasa kabla ya kuiona mashine. Mti uitwao msasa una majani yakwaruzayo, na mafundi wa zamani walisugulia kwayo mipini na vyano hata vikateleza mkononi. Baadaye ikaja karatasi yenye chembe ngumu, nayo ikarithi jina la mti. Siku hizi kuna mashine ndogo ya kushikwa mkononi, yenye kitako cha mviringo kizungukacho na kuyumba pamoja, mara kama 12,000 kwa dakika moja. Tunataka kueleza jinsi ya kuitayarisha na kuitumia pasipo kujidhuru.

Mtu aionapo mara ya kwanza huihofu kama aihofuvyo misumeno ya umeme, akidhani itamkata vidole. Hofu ipo, lakini haikuelekezwa mahali pake. Mashine hii ikigusa kidole huchubua ngozi. Kidhuru kikubwa ni vumbi, nalo halimtishi mtu, wala halimtoi damu.

Basi, kwanza soma kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mashine. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Mashine iliyoundwa kwa matumizi ya Marekani hutaka volti 120, na ukiichomeka kwetu itaungua. Tazama na waya: uliopasuka ganda usitumike, hata ukifungwa kitambaa.

Kabla ya kubandika karatasi, chomoa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, maana huguswa kwa bahati mbaya. Karatasi hunata kwenye vinyoya vya kitako. Kitako kina matundu, na karatasi nayo ina matundu, nayo yapaswa kuelekeana. Wengi hulidharau jambo hili. Matundu yakizibana, vumbi halifyonzwi kuingia mfukoni. Hukaa chini ya karatasi, huiziba, na mbao hupata joto. Mfuko wenyewe umwagwe ukifika nusu, usingoje ujae.

Karatasi zina namba: namba ndogo ni chembe kubwa. Kwa mbao iliyopigwa randa, anza na 80, kisha 120, kisha 180. Usiruke. Mimi niliwahi kuruka kutoka 80 hata 220 juu ya meza ya mninga, nikaiona laini kabisa kwa kuipapasa. Nilipopaka vanishi, mikwaruzo midogo ya mviringo ikajitokeza meza nzima, nikalazimika kuondoa vanishi yote na kuanza upya.

Kazi ikianza, kipande kidogo kibanwe kwa jiliwa, na misumari izamishwe kwanza, maana hupasua karatasi na kutoa cheche. Weka kitako bapa juu ya mbao, wala usikiinamishe upande, kisije kikachimba shimo. Usikandamize, uzito wa mkono watosha. Akandamizaye huzuia kitako kisizunguke, akapata kazi mbaya na mkono wenye ganzi. Sogeza polepole, kama sentimeta mbili au tatu kwa sekunde. Ukimaliza, zima, ungoje kitako kisimame kabisa, ndipo uiweke chini.

Sasa turudi kwa vumbi. Lile lionekanalo sakafuni si baya sana. Baya ni lile jembamba lisiloonekana, likaalo hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Vumbi la mvule hujulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua. Wala si mvule tu: mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilihesabu vumbi la mbao kuwa miongoni mwa vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Fundi avutaye vumbi hili haumwi leo wala kesho, ndiyo sababu huona tahadhari ni uoga.

Leso iliyofungwa puani haitoshi, kwa kuwa vumbi jembamba hupenya. Yafaa barakoa yenye alama ya FFP2 au N95, ikae imebana usoni pote, pamoja na miwani ya kinga. Fanya kazi nje, upepo ukitokea ubavuni, na watoto wawe mbali. Kisha usafishe kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu hulirudisha vumbi hewani, na kulipuliza kwa mdomo ni vibaya zaidi.

Milango na madirisha ya nyumba za zamani yahitaji onyo la peke yake. Rangi nyingi za kale zilichanganywa na madini ya risasi. Ukizipiga msasa, sumu hiyo huenea nyumba yote, nayo hudhuru akili za watoto wadogo kwa kiasi kidogo tu. Kama hujui umri wa rangi, iache bila kuisugua, au mwite mtu aliye na ujuzi wa kuipima.

Jioni, mwaga vumbi la mfuko nje, usiliache karakanani usiku pamoja na vitambaa vyenye vanishi, maana cheche iliyojificha yaweza kuliwasha polepole. Na nguo zako za kazi uzivue mlangoni, unawe uso na mikono, kabla hujampakata mtoto.