Tembo, Koga na Penisilini: Neno 'Kuchachusha' Katika Mizani

Makala haya yanakusudia kulipima neno moja, 'kuchachusha', tunapoeleza jinsi dawa inavyotengenezwa kwa kuvu. Mwanafunzi aliyelelewa Vitengeni, bara ya Kilifi, hulijua tendo hili kabla ya kulisoma: amewahi kuonja, au angalau kunusa, tembo la mnazi. Asubuhi ni tamu. Jioni limekwisha kuwa kali. Hamira asilia, ambayo nayo ni kuvu, imekula sukari na kuacha kileo. Haikuhitaji kupuliziwa hewa.

Tatizo huzuka tunapoihamishia penisilini picha ya kibuyu hicho. Kuvu la penisilini ni koga, na koga bila hewa halistawi. Ndiyo maana watafiti wa Oxford walilikuza juu ya maji machache katika vyombo bapa, hata vyombo vya haja vya wagonjwa. Mavuno yalikuwa haba mno. Mnamo Februari 1941 walimtibu askari polisi mmoja, akaanza kupata nafuu. Walifika hadi kuichuja dawa kutoka katika mkojo wake ili wamdunge tena. Ikawaishia, naye akafa mwezi wa Machi.

Julai mwaka huohuo, Florey na Heatley walisafiri hadi Peoria, Marekani. Huko maji yaliyolowekewa mahindi, masalio ya viwanda vya wanga, yaliongeza mavuno maradufu kadhaa. Mwaka 1943 koga la tikiti bovu la mjini humo lilishinda yaliyotangulia. Hata hivyo, kazi kubwa ilikuwa kulizamisha kuvu ndani ya pipa lisife. Hewa iliyosafishwa husukumwa kutoka chini, mapanga yakikoroga. Nyuzi za kuvu zikisongamana, mchuzi huwa mzito na hewa haipenyi; povu hupanda; joto lazima liondolewe. Bakteria wakiingia, baadhi yao huivunjavunja dawa yenyewe. Mnamo Machi 1944 Pfizer ilifungua Brooklyn kiwanda chenye mapipa 14, kila moja la lita 28,000 hivi.

Je, tulitupe neno? La. Katika usemi wa kila siku wali uliochacha ni wa kumwagwa, lakini 'uchachushaji' umekwisha kuzoeleka darasani. Ninachopendekeza ni kulivisha kivumishi: 'uchachushaji wa kupuliziwa hewa' kwa penisilini, na 'uchachushaji' mtupu kwa tembo. Mwalimu wa Vitengeni aanze na kibuyu, kisha awaulize wanafunzi wake kwa nini koga lingekufa humo.