Tumzuru mgonjwa, tusimzibie pumzi

Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu. Lakini katika vyumba vyetu vya Mji Mkongwe, wageni kumi wakijaa kwa pamoja, aliyebanwa na pumzi kwa saratani au maradhi ya moyo huzidi kutaabika.

Ndugu msomaji, dawa za daktari ziendelee. Pamoja nazo, yapo mambo yasiyohitaji hata senti.

Kwanza, usimlaze chali. Mkalishe, aegemee mbele, mikono juu ya mto uliowekwa mezani. Pili, fungua dirisha. Wageni waingie wawili wawili. Tatu, mpepee usoni kwa kipepeo cha ukili, karibu na pua na mashavu. Tafiti za kitabibu zimeonyesha kuwa ubaridi ule usoni hupunguza kiu ya pumzi. Nne, avute hewa kwa pua, aitoe taratibu kama anayepuliza chai ya moto. Tano, usimsemeshe sana, mshike mkono.

Akibanwa ghafla kuliko desturi, daktari aitwe upesi.

Basi ukienda kumjulia hali jirani, usisimame mlangoni ukaziba upepo. Mpokee kipepeo binti yake aliyekesha, naye akapumzike.