Kapteni Aliyevuka Vizuizi vya Kigali

Vijana wapendwa, mnajua kwamba maneno yetu ya kabla ya Komunyo, yale ya kukiri kuwa hatustahili, asili yake ni mwanajeshi? Someni Mt 8:5-13. Akida yule wa Kirumi alijieleza vizuri: yuko chini ya mamlaka, na ana askari chini yake. Ila alikwenda kwa Yesu kumwombea mtumishi mgonjwa, mtu wa chini kabisa nyumbani kwake.

Nikisoma hapo namkumbuka Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal. Alizaliwa 1958, akasoma chuo kikuu Dakar, akaingia jeshini. Alikuwa Mwislamu (na akida naye hakuwa wa Israeli, lakini Yesu alistaajabia imani yake). Mwaka 1994 alikuwa Rwanda, mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa, asiye na silaha.

Asubuhi ya 7 Aprili, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa. Watoto wake walikuwa wamejificha jirani. Diagne aliwatoa, akawapeleka Hôtel des Mille Collines. Na hakuishia hapo. Agizo lilikuwa waangalizi wasiingilie kuokoa raia, lakini yeye aliwapakia watu wachache wachache garini na kupita vizuizi vya Interahamwe kwa utani, sigara na uchangamfu wake. Yaani kizuizi baada ya kizuizi, kisha anarudi kuchukua wengine. Kamanda wake, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, alijua, hakumzuia. Hata Baraza la Usalama lilipoamua, 21 Aprili, kupunguza kikosi hadi watu 270 hivi, Diagne alibaki. Tarehe 31 Mei kombora lilianguka karibu na gari lake kizuizini, akafa. Mwaka 2014 Baraza hilohilo lilianzisha nishani yenye jina lake.

Sasa, je, alikosa utii? Sisi waseminari swali hili linatugusa sana. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba mtu hafungwi kumtii mkubwa wake katika kila jambo. Amri ya Mungu iko juu. Gaudium et Spes, namba 79, inawaita wanajeshi wahudumu wa usalama na uhuru wa watu, na hapohapo inawasifu wanaokataa waziwazi amri za kuangamiza watu. Diagne hakuamriwa kuua. Aliambiwa tu asiguse. Jamani, hilo la pili ndilo gumu, kwa sababu ukilitii hakuna atakayekulaumu.

Tusidanganyane pia: wapo wanaotaja dhamiri ili wakwepe zamu ya kufagia. Dhamiri ya Diagne ilimwongezea kazi.

Mimi niliwahi kuwa kiongozi wa wanafunzi wenzangu. Usiku mmoja kijana wa mwaka wa kwanza alishikwa na malaria kali. Utaratibu ulisema hakuna kutoka bila ruhusa, na wa kutoa ruhusa hakuwepo. Nikasema tusubiri asubuhi, nikarudi kulala. Mwenzangu mmoja, asiye na cheo chochote, alimbeba hadi zahanati. Alipona. Kesho yake nilimwita yule aliyembeba anieleze kwa nini alivunja utaratibu. Akaniuliza tu, "Kaka, wewe ulimwangalia macho yake?"

Sikuwa nimemwangalia. Nilikuwa nimesimama mlangoni.