Sumu Isiyo na Jina: Kabla Hujanunua Dawa ya Kunguni Mtaani

Ukipita Mchikichini, Dar es Salaam, kati ya milundo ya mitumba ya Soko la Karume, utamsikia tu mchuuzi: kipaza sauti begani, sanduku la vichupa kifuani, "Dawa ya panya, mende, kunguni, chawa, viroboto!" Kichupa hakina maandishi. Na lugha yetu haitusaidii: kinachomtoa mtoto homa ni dawa, kinachomuua kunguni nacho ni dawa.

Zinavyoua

Baadhi ya dawa za maji za kuulia wadudu ni za jamii ya organofosfati. Mwilini, neva ikishauamuru msuli ukaze, kuna kimeng'enya kinachoifuta amri hiyo ili msuli ulegee. Organofosfati hukifunga kimeng'enya hicho, na amri haziishi. Mate, machozi na jasho humtoka mtu bila kukoma, mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya sindano, misuli hurukaruka, kifua hujaa majimaji, hatimaye pumzi hukatika. Mwaka 1936 mkemia Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta sumu ya wadudu, akajikuta ametengeneza tabuni, silaha ya vita. Sarini, iliyowaua abiria wa treni za chini ya ardhi Tokyo tarehe 20 Machi 1995, ni ya ukoo huo huo. Kichupa cha mtaani chenye organofosfati hakifikii ukali huo, ila njia yake mwilini ni ile ile, nayo hupenya hata kwenye ngozi.

Dawa nyingi za panya hufanya kazi kwa namna nyingine: huzuia damu isigande. Mtoto aliyeokota kipande cha mkate wenye sumu anaweza kucheza vizuri siku mbili, kisha fizi zikaanza kutoa damu na mkojo ukawa mwekundu.

Hatari kuliko zote ni vidonge vya kuhifadhia nafaka, ambavyo baadhi ya watu huviweka chini ya godoro kuulia kunguni. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Katika nyumba ya Kiswahili, ambamo kuta za vyumba mara nyingi hazilifikii paa, gesi hiyo husambaa, ikapita juu ya ukuta na kumfikia mpangaji wa chumba cha pili akiwa usingizini.

Tiba zake nazo zinatofautiana. Organofosfati hutibiwa kwa atropini, dawa ya panya ya kuzuia damu kuganda hutibiwa kwa vitamini K, na fosfini haina kiuasumu. Ndiyo maana sumu isiyo na jina ni hatari mara mbili.

Unaponunua

Nunua kwenye duka la pembejeo, dawa iliyofungwa kiwandani, yenye jina la kiambato na namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Soma kama imeruhusiwa kutumika ndani ya nyumba. Dawa ya shambani ibaki shambani. Muuzaji akitaka kukupimia kwenye chupa ya maji, kataa. Vidonge vya nafaka usivilete kabisa chumbani.

Unapopuliza

Toa watoto, vyakula na vyombo. Vaa glavu, mikono mirefu na viatu vya kufunika. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, kwa hiyo fungua madirisha, na waambie majirani mapema. Ukimaliza, oga kwa sabuni na ufue nguo hizo peke yake.

Lakini anza na maji yanayochemka: mwagia nyufa za kitanda cha mbao, na uloweke mashuka ndani yake. Nguo za mitumba zifue kwa maji ya moto kabla hazijafika kabatini. Joto humuua kunguni pamoja na mayai yake.

Unapohifadhi

Usihamishie sumu, mafuta ya taa wala kostiki soda ya kutengenezea sabuni kwenye chupa ya soda. Mtoto anaijua chupa, hajui kilichomo. Iache kwenye chombo chake, juu, kabatini palipofungwa.

Ajali ikitokea

Aliyevuta hewa yenye sumu mtoe nje. Aliyemwagikiwa mvue nguo zote na umwoshe kwa maji mengi na sabuni, nawe ukiwa umevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Jicho lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15.

Aliyekunywa usimtapishe, wala usimpe maziwa ukidhani yanakata sumu. Mafuta ya taa yakirudi juu huingia mapafuni, kostiki huunguza koo mara ya pili. Aliyepoteza fahamu mlaze ubavu wa kushoto. Kama amemeza kidonge cha nafaka, bajaji iwe wazi pande zote, maana matapishi yake hutoa gesi. Usingoje dalili, nenda Hospitali ya Amana au nyingine iliyo karibu zaidi.

Na kabla hujatoka, chukua chombo cha sumu, kifunge vizuri, kitie kwenye mfuko. Mlangoni daktari atakuuliza, "Amekunywa nini?" Ukijibu "dawa," utakuwa hujamwambia kitu.