Tumbo la Ng'ombe na Tumbo la Mtoto

Katika kliniki ya watoto akina mama huuliza swali ambalo si la kipuuzi hata kidogo: "Sista, mbona ng'ombe anakula majani matupu ananenepa, na mwanangu anashiba uji kila siku anakonda?" Jibu liko tumboni, basi tuanze na la ng'ombe.

Nyasi zimejengwa kwa selulosi, nyuzi ngumu ambazo ng'ombe mwenyewe hawezi kuzivunja. Kazi hiyo hufanywa na bakteria na vijidudu wengine anaowafuga tumboni. Tumbo lake lina vyumba vinne. Cha kwanza ni kikubwa mno, kwa ng'ombe mzima huchukua lita 100 na zaidi. Wanaosafisha utumbo wanakijua kwa ngozi yake iliyo kama taulo. Humo majani huchachuka kama pombe ndani ya pipa. Cha pili kina vishimo kama sega la nyuki. Majani hurudishwa mdomoni yatafunwe upya, yaani kucheua, na kazi hiyo huweza kuchukua saa 8 kwa siku. Cha tatu kina kurasa kama kitabu, nacho hufyonza maji. Cha nne ndicho pekee kinachofanana na tumbo letu, chenye asidi, na humo bakteria wale wale humeng'enywa wakawa chakula. Kwa hiyo ng'ombe hashibi majani tu, anashiba pia walioyala majani! Ndio wanaomtengenezea hata vitamini B12. Baada ya hapo kuna utumbo mwembamba wa mita 40 hivi.

Mbuzi na kondoo ni vivyo hivyo. Punda ana tumbo la chumba kimoja; majani yake huchachukia nyuma, katika utumbo mpana, ndiyo maana mavi yake huonekana bado yana nyuzi. Sungura naye huchachushia nyuma, kisha hutoa kinyesi laini na kukila papo hapo ili kipite mara ya pili. Wafugaji msishtuke, si ugonjwa.

Paka na simba hawahitaji kiwanda kama hicho. Nyama humeng'enywa upesi, hivyo tumbo moja na utumbo mfupi vinawatosha, na meno yao ni ya kukata, si ya kusaga. Paka asipopata nyama hudhoofika. Mbwa amezoea makombo yetu, hata ugali anauweza.

Binadamu yuko katikati. Tuna tumbo moja na utumbo mwembamba wa mita 6 hivi. Bakteria wa utumbo mpana wapo, lakini nguvu wanayotupatia kutoka kwenye majani ni kidogo. Mchicha unatupa vitamini na madini, kwa hiyo usiuache, ila haunenepeshi. B12 tunaipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa.

Sasa mtazame mtoto wa miezi 8. Tumbo lake huchukua takriban robo lita tu. Ukilijaza uji mwepesi, umelijaza maji. Ananyamaza, mama anadhani ameshiba, kumbe mwili haukupata kitu, na utapiamlo huanza hivyo, kimya kimya. Hata ndama hapewi nyasi siku ya kwanza: chumba chake kikubwa bado hakijakua, na maziwa hupita kwenye mfereji moja kwa moja hadi chumba cha nne.

Mpe mtoto maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, kisha endelea kumnyonyesha hadi miaka 2 au zaidi. Uji uwe mzito, usiotiririka kutoka kijikoni. Tia maziwa, kijiko cha mafuta, karanga zilizosagwa zisizo na ukungu, dagaa waliotwangwa au yai lililopikwa vizuri. Miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati.

Uji ukiwa mzito mno asiweze kumeza, usiongeze maji. Uache upoe kidogo, koroga kijiko cha unga wa kimea cha ulezi hadi ulainike, kisha uchemshe tena kabla ya kumlisha. Na mstari wa kadi ukilala miezi miwili mfululizo, mlete kliniki hata kama anacheza.